Kibwengo si jiwe: kanuni ya kurusha viumbe katika michezo ya mezani

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma mara mbili makala iliyochapishwa katika ukurasa wa vijana wa gazeti lako kuhusu michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo wachezaji wanne au watano huketi pamoja, kila mmoja akatunga mhusika wake, na mwenzao mmoja akawa mwendesha mchezo, anayesimulia safari na kuamua matokeo kwa msaada wa dadu. Nashukuru kwamba gazeti la Kiswahili limeupa nafasi mchezo ambao wazazi wengi bado wanaudhania kuwa kamari. Hata hivyo, mwishoni mwa makala mwandishi alimjibu msomaji aliyeuliza inakuwaje mhusika akimnyanyua adui na kumtupia adui mwingine, akasema kwamba hesabu yake ni ile ile ya kiti au kikaango: ni silaha ya dharura, lirushwe dadu la pande 4, mambo yaishe. Naomba nafasi ya kulipinga jibu hilo, na nitalipinga kwa kirefu, kwa kuwa hapa kwetu Mtwara lilikwisha kutuvunjia mchezo kabla halijafika gazetini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hisabati. Jumamosi jioni hukaa barazani kwangu, Shangani, na wapwa zangu wawili pamoja na rafiki zao watatu, tukacheza mpaka muda wa kula. Mwanzoni hatukuwa na dadu la pande 20, ambalo ndilo roho ya mchezo wenyewe, kwa hiyo tulichukua korosho ghafi 20, tukaziandika namba kwa kalamu ya wino mzito na kuzitia katika mfuko wa kitambaa. Nilichagua korosho zenye maganda kwa makusudi: zilizokaangwa zisingemaliza jioni moja, ilhali ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochoma ngozi, na mtoto aliyewahi kulitia mdomoni harudii. Sharti letu kubwa lilikuwa kwamba korosho ikishachomolewa lazima irudishwe mfukoni kabla ya mwingine kuchomoa, maana usipoirudisha unabakiwa na 19 na bahati ya kila mmoja inabadilika. Nalisema hili ili mwandishi wako ajue kwamba tunazichukulia kanuni kwa uzito. Hatubishani kwa ajili ya kelele tu.

Safari tuliyokuwa tukiicheza inaanzia Mikindani, inapanda uwanda wa Wamakonde na kuteremkia bonde la Ruvuma. Mpwa wangu wa kiume anacheza kuli wa bandarini mwenye nguvu 18, ilhali mtu wa kawaida ana 10. Dada yake anacheza msichana wa jamii ya watu wafupi, wale ambao kitabu cha mchezo kinawaeleza kuwa na urefu wa futi 3 hivi na uzito wa pauni 40, yaani kilo 18. Walipokutana na jitu kwenye kivuko cha mto, yule kuli, bila kumuuliza mtu, akatangaza kwamba anamnyanyua dada yake na kumvurumisha usoni mwa jitu. Mwendesha mchezo wa siku hiyo, kijana mwenye haraka, akajibu kama alivyojibu mwandishi wako: silaha ya dharura, dadu la pande 4. Dada mtu aliweka karatasi yake chini, akanigeukia mimi na si mwendesha mchezo, akasema: “Mjomba, mimi si jiwe.” Chai ikapoa, mchezo ukaishia hapo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili, na nimeridhika kwamba yule binti alikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu, kwa mujibu wa hesabu, na hata kwa mujibu wa lugha yetu.

Nianze na kitabu. Mchezo unaozungumzwa ni Dungeons & Dragons, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson, na toleo tunalolitumia ni la tano, la mwaka 2014. Kanuni ya silaha za dharura katika toleo hilo inasema kwamba mhusika asiye na silaha yake anaweza kupigana na kitu chochote anachoweza kukishika kwa mkono mmoja au miwili, na inataja mifano: kipande cha chupa, mguu wa meza, kikaango, gurudumu la mkokoteni, na goblini aliyekufa. Goblini ni kiumbe mdogo mwovu ambaye sisi barazani tunamwita kibwengo, ingawa najua wazee wa pwani watanung’unika. Kitu kama hicho kikirushwa, madhara yake, yaani pointi za uhai anazopoteza aliyepigwa, ni namba ya dadu la pande 4. Umbali wake wa kawaida ni futi 20, karibu mita 6, na kinaweza kufika futi 60, karibu mita 18, ila ukipita zile 20 unarusha dadu mbili za pande 20 na kulazimika kuichukua namba ndogo.

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Wanakiona kibwengo katika orodha, wanasahau kwamba ni kibwengo mfu. Mwandishi wa kanuni hakuliweka neno hilo kwa kuchekesha peke yake, ingawa nakubali kwamba linachekesha. Kitabu cha waendesha mchezo cha toleo hilo hilo kinaeleza kwamba kitu ni kile kisicho na uhai, kama dirisha, mlango, upanga, kitabu, meza, kiti au jiwe. Kiumbe aliye hai hayumo. Kwa hiyo kanuni ya silaha za dharura haimhusu kabisa, na anayeitumia kwake anaazima kanuni ya jirani bila kuomba.

Sisi tunaosema Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo, kwa sababu sarufi yetu inalipiga kelele kila tunapofungua kinywa. Kiti kimerushwa, lakini kibwengo amerushwa. Kikombe kilichotupwa kimevunjika, lakini kijana aliyetupwa ameumia. Majina haya yote yanaanza kwa ki-, na bado lugha inakataa kuyapatanisha kwa namna moja, kwa kuwa inauliza kwanza kama mwenyewe ana uhai. Nenda mbele kidogo uone inavyowashughulikia wafu: mzoga umetupwa, wala hakuna atakayesema mzoga ametupwa. Kwa maiti tunayumba. Mmoja atasema maiti imezikwa, mwingine maiti amezikwa, na sijapata kuwasikia wakipatana. Basi pale pale lugha yetu inapoyumba ndipo kitabu cha wageni nacho kilipoweka mpaka wake, juu ya kibwengo mfu. Sidhani kwamba ni bahati.

Najua nitajibiwa kwa methali ya zimwi likujualo, kwamba hapo zimwi lina uhai na bado limepewa li-. Ni kweli, na majitu nayo mara nyingi tunayaambia limekuja, limekula, limelala. Lakini hiyo ni namna ya kukuza na kutisha, na wanaokuzwa hivyo ni wale wale ambao hakuna mhusika wa kawaida atakayewanyanyua. Zimwi halirushwi. Linarusha.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo linanisaidia zaidi mezani. Kitabu cha Kiingereza mara nyingi hutumia neno moja tu, nasi tuna mengi: kutupa, kurusha, kuvurumisha, kubwaga, kupiga mwereka. Kila moja lina picha yake. Anayembwaga mtu amemwangusha pale pale miguuni, kama mchukuzi anavyobwaga mfuko wa saruji. Anayempiga mwereka amemshinda kwanza kwa kumkamata. Anayemrusha amemfanya aruke, maana kurusha kunatokana na kuruka, na kuruka ni tendo la yule anayeruka. Nimewashauri vijana wangu kwamba mchezaji akitaka kumtendea kiumbe jambo la namna hii, aseme kwanza kitenzi gani anakikusudia. Mara nyingi ubishi unaisha hapo, kwa sababu alichotaka ni kubwaga tu, na kubwaga kuna kanuni yake ya siku zote: unamsukuma mtu kwa nguvu, akishindwa anaanguka chini au anasogea futi 5.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tuchukue yule kuli mwenye nguvu 18, ambaye kwa utaratibu wa mchezo anapata nyongeza ya 4 juu ya namba ya dadu. Akimrusha kibwengo kama silaha ya dharura, anayepigwa atapata wastani wa 2.5 wa dadu la pande 4, ukijumlisha na ile nyongeza, kama waendesha mchezo wengi wanavyohesabu, inakuwa 6.5. Je, kibwengo aliyerushwa anapata nini? Hapati kitu. Kanuni ya silaha inaeleza silaha inamfanya nini anayepigwa, haielezi kipigo kinaifanya nini silaha, kwa sababu rungu halina pointi za uhai za kupoteza katika kila pigo. Kwa hiyo, kwa jibu la mwandishi wako, viumbe wawili wanagongana vichwa kwa vichwa, mmoja anaumia na mwingine anasimama akijipangusa vumbi. Ningempa mwanafunzi sifuri.

Na upuuzi huu unakua kadiri mrushaji anavyokua. Jitu la mawe, katika toleo lile lile, hurusha jabali mpaka futi 60 bila shida na futi 240 kwa shida, na madhara yake ni dadu 4 za pande 10 pamoja na 6, wastani wa 28. Tukikubali kwamba kiumbe ni sawa na jiwe, basi jitu hilo likimwokota mvuvi na kumtupia mvuvi mwenzake, aliyepigwa anakufa na aliyerushwa anarudi nyumbani kula ugali.

Mwandishi wako anaweza kusema kwamba kitabu kimenyamaza, na kikinyamaza mwendesha mchezo ajiamulie. Kimenyamaza kwa binadamu, lakini hakikunyamaza kwa wote. Katika kitabu cha mazimwi cha mwaka 2014 yumo kraken, dude la baharini ambalo watoto wa Mikindani, wanaowajua pweza vizuri, walilikubali bila maswali. Miongoni mwa matendo yake ni kumtupa kiumbe aliyemkamata mpaka futi 60. Kanuni inasema wazi: aliyetupwa huanguka chali, akigonga kitu kigumu hupata dadu moja la pande 6 kwa kila futi 10 alizorushwa, na kama ametupiwa kiumbe mwingine, huyo mwingine hurusha dadu la kujinusuru kwa wepesi wake, yaani dadu la pande 20 na kujumlisha nyongeza yake ya wepesi, akishindwa kufikisha 18 naye hupata madhara yale yale na kuanguka. Roho ya upepo, ambayo huwazoa watu kwa kimbunga chake, imeandikiwa utaratibu wa namna hiyo hiyo, ila kiwango chake ni 13. Waliotunga mchezo walipotaka kiumbe arushwe, walitumia kanuni ya kuanguka na wakaiacha ya silaha, na walimkumbuka yule anayerushwa. Kanuni tunayoitafuta ilikwisha kuandikwa. Imefichwa tu katika ukurasa wa dude la baharini.

Kuna na nyongeza ya kanuni ya mwaka 2020 inayofaa kusomwa pamoja na hiyo. Inasema kwamba kiumbe akianguka kutoka juu na kumwangukia mwingine, yule wa chini arushe dadu la wepesi afikishe 15. Akishindwa, madhara ya kuanguka yanagawanywa sawasawa baina ya wawili hao. Kugawanywa huku ndiko kulikonipendeza kuliko kuyapata wote kwa ukamilifu kama kwa kraken, na nitaeleza sababu yake hivi punde.

Kabla ya hapo niseme juu ya umbali, ambao nao umepimwa vibaya. Ile kanuni ya silaha za dharura inampa kila mtu mita 6, na mita 18 akibahatika, bila kuuliza kilichorushwa kina uzito gani. Ni sawa kwa chupa. Lakini tufe la wanaume katika riadha lina kilo 7.26, ni chuma cha duara kinachokaa vizuri kiganjani, na mtu aliyelirusha mbali kuliko binadamu yeyote, Mmarekani Ryan Crouser, mwaka 2023, alifikisha mita 23.56. Sasa unaniambia kuli wangu amrushe mita 18 mtu wa kilo 18, mwenye mikono, miguu na kucha, ambaye hataki? Kwa upande mwingine, kanuni ya kubeba mizigo inamruhusu mhusika kunyanyua pauni 30 kwa kila pointi ya nguvu, kwa hiyo mtu wa nguvu 10, wa kawaida kabisa, ananyanyua kilo 136. Kunyanyua si kurusha. Wachukuzi wa bandarini hapa wanaweza kukuonyesha tofauti hiyo kwa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50: wataupandisha begani siku nzima, lakini waambie wautupe hatua tatu uone watakavyokutazama.

Basi utaratibu tunaoutumia barazani kwa sasa ni huu. Kiumbe asiyetaka kurushwa lazima akabwe kwanza kwa kanuni ya kawaida ya kukabana, ambapo nguvu za mkabaji hushindanishwa na nguvu au wepesi wa mkabwaji, na hilo peke yake ni tendo la zamu moja. Mkabwaji akijinasua kabla ya zamu inayofuata, hakuna kurushwa. Akiwa bado mikononi, mrushaji anaweza kumrusha mita 3 ikiwa uzito wake hauzidi kilo 2 kwa kila pointi ya nguvu ya mrushaji, mita 6 ikiwa hauzidi nusu ya hapo, na mita 9 ikiwa hauzidi robo. Kuli wetu wa nguvu 18, kwa hiyo, anamrusha mtu wa kilo 36 mita 3, na yule binti wa kilo 18 mita 6. Mtu wa nguvu 10 anamrusha binti huyo huyo mita 3, na atajuta kesho yake. Kila mita 3 ni dadu moja la pande 6. Aliyetupiwa anarusha dadu la wepesi afikishe 15; akifaulu amekwepa, na aliyerushwa anaanguka peke yake na kubeba madhara yote; akishindwa, wanagawana na wote wawili wanalala chini.

Angalia sasa hesabu inavyokaa. Kwa mita 6 ni dadu 2 za pande 6, wastani wa 7. Ile kanuni ya silaha ilitupa 6.5. Jumla ya maumivu duniani haikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba sasa yamegawiwa wanaostahili kuyapata, 3.5 huku na 3.5 kule. Ndiyo maana napendelea kugawanya. Ukifuata kraken kwa ukamilifu, kila mmoja akapata 7, basi kuwarusha watu kunakuwa kazi yenye faida kuliko kupiga kwa panga, na baada ya majuma mawili utakuta hakuna mhusika anayebeba panga. Na kwa adui mwenye nyongeza ya wepesi ya 2, korosho 8 kati ya 20 zitamwezesha kukwepa, jambo ambalo linamfanya mrushaji afikirie mara mbili bila kumkatisha tamaa. Kraken aachiwe ukali wake. Yeye ni kraken.

Limebaki lile lililomfanya mpwa wangu aweke karatasi chini, nalo halihusiani na adui. Wahusika wa upande mmoja hupenda kurushana: mfupi anarushwa ng’ambo ya korongo, anarushwa juu ya ukuta, anarushwa mgongoni mwa jitu akiwa ameshika kisu. Ni jambo zuri na linaleta kicheko, wala sitaki lipigwe marufuku. Ninachosema ni kwamba anayerushwa kwa hiari aseme mwenyewe kwamba amekubali, na kukubali kwake kuwe na gharama na faida katika mchezo. Sisi tumeamua kwamba atatumia ile nafasi yake moja ya kuitikia katika mzunguko huo, yaani tendo moja analoruhusiwa nje ya zamu yake. Akifanya hivyo hahitaji kukabwa, anarushwa katika zamu hiyo hiyo, na akifikisha 10 katika dadu la wepesi anatua kwa miguu bila madhara. Akinyamaza, au mchezaji wake akiwa ameenda msalani, ahesabiwe kwamba hajataka. Mwendesha mchezo yule mwenye haraka alilalamika kwamba hii inapunguza kasi. Inaipunguza kwa kiasi cha mtu kusema “haya, nirushe”.

Wapo watakaoona kwamba nakuza jambo dogo. Nchini Ufaransa jambo hili, likiwa la kweli na si la mezani, lilifika mpaka Baraza la Nchi, ambalo ndilo mahakama ya juu ya mambo ya utawala. Meya wa mji wa Morsang-sur-Orge alikuwa amepiga marufuku mchezo wa ukumbini wa kumrusha mtu mwenye kimo kifupi, na yule aliyekuwa akirushwa mwenyewe alikwenda mahakamani kupinga, akidai kwamba alikuwa amekubali na ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha. Mwezi Oktoba 1995 baraza lilimwunga mkono meya, likisema kwamba utu wa binadamu ni sehemu ya utulivu wa umma, na hiari ya mhusika haiuondoi. Sitaki kuileta hukumu hiyo barazani. Mhusika wa karatasi havunjiki mgongo. Lakini kama majaji walikaa na kuuliza kama hata hiari inatosha, sisi tunashindwaje kuuliza kama ipo?

Kwa sababu safari yetu inapita Newala, ilibidi pia tuamue kuhusu Shimo la Mungu, ule mteremko mkali ambapo uwanda unakatika na bonde la Ruvuma linaonekana chini kwa mbali. Pale umbali wa kurusha hauna maana tena, kinachohesabiwa ni kina. Kanuni ya kuanguka ni dadu moja la pande 6 kwa kila futi 10, na kikomo chake ni dadu 20, wastani wa 70, ambacho kinafikiwa kwa futi 200. Vijana waligundua mapema mno kwamba mita moja ya kusukuma pale inazidi mita 9 za kurusha mahali pengine popote, na kwa vikao viwili kila pigano lilihamia ukingoni. Nililazimika kuwaambia kwamba anayetaka kumrusha mwenzake akiwa hatua moja kutoka ukingoni, naye arushe dadu la kujinusuru asiende naye, maana anayekabwa ana mikono na mikono hiyo hushika. Tangu hapo wanapigana mbali na ukingo.

Kuhusu viumbe wadogo kabisa, makala yako ilisema kwamba nyoka aliyerushwa naye ni dadu la pande 4. Hilo ndilo kosa ninalolisamehe kwa shida zaidi. Nyoka hamuumizi mtu kwa uzito. Waandishi wa kale wa Kirumi wanasimulia kwamba Hannibal, jemadari wa Karthago, akipigana baharini na mfalme Eumenes wa Pergamo mwanzoni mwa karne ya 2 kabla ya Kristo, aliamuru vyungu vilivyojaa nyoka wenye sumu virushwe ndani ya merikebu za adui; mabaharia walicheka walipoviona vyungu, kisha vyungu vikapasuka. Hapa kwetu, vitani Tanga mwezi Novemba 1914, hakuna aliyewarusha nyuki, walichokozwa tu na risasi, na waliwatawanya askari bila kuuliza bendera. Kiumbe mdogo akirushwa, basi, kinachorushwa kwa hakika ni chungu au mzinga, na hicho ndicho silaha ya dharura; kikigonga kinapasuka, na waliomo ndani wanafika. Wakishafika wanaingia katika mpangilio wa zamu kama viumbe wengine, wakiwa na ghadhabu zao, na wanamuuma aliye karibu nao. Mrushaji asihesabiwe kuwa na rafiki miongoni mwao.

Sijaridhika bado na jambo moja, na kama mwandishi wako ataendelea na ukurasa wake ningependa kuona jibu lake. Kiumbe aliyezirai, ambaye pointi zake za uhai zimefika sifuri lakini hajafa, kitabu bado kinamhesabu kuwa kiumbe. Kukabwa hawezi kupinga, kwa hiari hawezi kukubali, na uzito wake umelegea kama gunia. Barazani kwangu tumegawanyika. Mpwa wangu wa kiume anataka arushwe moja kwa moja bila hatua ya kukabwa, kwa kuwa hakuna wa kushindana naye. Dada yake anakubali kuhusu maadui, lakini anasema kwamba mwenzenu aliyezirai asirushwe na yeyote isipokuwa kwa kumtoa hatarini, na atakayemrusha arushe kuelekea upande ambao kuna mtu wa kumdaka. Jumamosi iliyopita tuliahirisha. Kuli alikuwa amezirai, kwa hiyo safari hii ni yule binti aliyekuwa ameshika korosho.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Shangani, Mtwara